Mizaha ya nyuma kwenye katuni za kudhihaki sinema: inakaa wapi, inaharibu nini

Mato Manne (Lamu), mleta uzi

Assalam aleikum wachoraji. Uzi huu ni wa jambo moja tu: yale madogo yanayotendeka nyuma ya wahusika kwenye katuni za kudhihaki sinema. Jasusi anatoa hotuba, nyuma yake paka anaiba samaki. Shujaa anauliza swali, kibao cha duka kinamjibu. Dunia inaisha, wazee wa barazani hawajainua vichwa kwenye bao.

Wengi huichora mizaha hii mwisho, ukurasa ukishamalizika na upenyo ukionekana. Hapo ndipo inapoharibika. Inapangwa kwenye rasimu ya kwanza, kabla mhusika mkuu hajatiwa mato (macho).

Ili tusiongee hewani, tuchukue kazi moja: kijitabu cha A5, kurasa 8, nyeusi na nyeupe, kinatolewa fotokopi. Karatasi 2 za A4 pande zote mbili, unakunja, unapiga pini. Kila ukurasa unachorwa kwenye A4 halafu unapunguzwa hadi asilimia 71. Hadithi ni sinema ya maharamia, ila meli yao imetia nanga mbele ya gati ya Lamu na wanatakiwa kungoja bamvua, yaani maji makuu, ndipo waondoke.

Rasimu ndogo kwanza. Ukurasa mzima ndani ya kisanduku cha sentimita 7 kwa 10. Hakuna uso, hakuna nguo, ni maumbo tu.

Kisha viputo vya maneno. Andika mazungumzo yote kwa ukubwa wake halisi kabla ya kuchora mtu. Maneno yetu ni marefu. "Hatutakubaliana" ni neno moja, ukilikata katikati linasomeka vibaya, kwa hiyo kiputo lazima kipanuke. Hesabu theluthi ya paneli (kisanduku kimoja cha picha) imekwisha kuliwa. Mchoraji akiiga upana wa viputo vya katuni za Kimarekani, akija kuandika anakuta maneno yamefunika punda wake mpaka masikio.

Halafu wahusika wakuu. Kinachobaki baada ya hapo ndicho chako cha kuchezea. Kwenye ukurasa wa paneli 6, paneli kubwa ya kufungulia inabeba mizaha 5 hadi 7, za kati 1 au 2, na paneli ya uso wa karibu haibebi kitu. Uso wa karibu ni kwa ajili ya uso.

Mzaha unaojibu maneno ukae kulia kwa kiputo cha mwisho, au tini (chini) yake. Ukiuweka kushoto msomaji anapata jibu kabla ya swali, na kichekesho kimekufa.

Ufundi huu si wetu wa kwanza. Will Elder aliusukuma mbali sana kwenye jarida la Mad lililoanza 1952 Marekani, alikuwa akijaza kila pembe. Mort Drucker, aliyeanza kuchorea jarida hilo 1956, aliegemea zaidi sura za waigizaji. Hapa Kenya, ukurasa wa gazetini wa mchoraji Maddo uliwazoesha wasomaji kutafuta vitu vidogo pembeni. Msomaji wetu anajua kutafuta. Kazi yetu ni kumpa cha kukuta.

---

Wino Mzito (Malindi)

Sheikh Mato Manne, shukrani kwa uzi. Ila saba nazikataa.

Piga hesabu. A5 ina upana wa milimita 148. Mashine nyingi za fotokopi haziwezi kuchapa mpaka ukingoni, zinaacha kama milimita 4 au 5 tupu kila upande. Upande wa mkunjo utoe milimita 8. Umebaki na 135. Weka humo wahusika watatu na viputo vinne, kila mzaha utapata eneo la kidole gumba. Saba zitaingia, lakini zitakuwa vumbi.

Idadi hainisumbui sana, kinachonisumbua ni sauti. Kwenye paneli moja, mzaha mmoja tu upige kelele, mingine inong'one. Kupiga kelele ni doa jeusi, uso unaomtazama msomaji, nafasi nyeupe inayokizunguka kitu, au maandishi ya herufi kubwa. Kunong'ona ni mgongo, mstari mwembamba, kitu kilichokatwa nusu na ukingo wa paneli.

Sasa mistari, maana hapa ndipo fotokopi inapokula watu. Kwenye A4 ya asili:

mbele 0.8 mm, katikati 0.4, nyuma 0.2.

Ikipunguzwa inakuwa takriban 0.57, 0.28 na 0.14. Ukitumia kalamu ya 0.1 nyuma, baada ya kupunguza inabaki 0.07, na mashine yenye wino uliochoka itaikatakata. Paka wako atatoka bila mkia. 0.2 ndiyo sakafu, usishuke.

Vivuli vya mistari: acheni milimita 1 kati ya mstari na mstari. Mkiweka nusu milimita, ikipunguzwa inabaki 0.35 na wino unaziba, panakuwa doa. Na doa nyuma ni kelele ambayo hukuipanga. Wino uliochanganywa na maji msiutie kabisa kwenye kazi ya fotokopi, ama unapotea ama unatoka madoadoa kama ukurutu. Rasimu ichorwe kwa penseli ya buluu hafifu, mashine nyingi haziioni, huhitaji kufuta sana.

---

Mato Manne (Lamu)

Wino Mzito, kuhusu kelele tumekubaliana. Saba naishikilia kwa paneli ya kufungulia peke yake, na kwa sharti kwamba mitano katika hiyo haina maandishi wala doa jeusi.

Kipimo ni rahisi. Mpe mtu ukurasa kwa sekunde 10, uufunike, umuulize kunatokea nini. Akianza na "kuna mbuzi amevaa kofia", mbuzi amempiku nahodha. Usimfute. Mgeuze akupe mgongo, mtoe weusi, au msogeze akatwe na ukingo, kwa mpangilio huo huo. Mara nyingi kumgeuza kunatosha, maana jicho la mtu linakimbilia uso kabla ya kitu kingine chochote, hata uso wa mbuzi.

Kinyume chake nacho kinatokea. Umempa ukurasa dakika nzima, amecheka mzaha wa mbele, wa nyuma hajauona. Mwongezee kivuli kimoja tu, au mchore mhusika wa pembeni akiutazama. Msomaji hufuata anapotazama mtu mwingine.

---

Bi Pindo

Wanaume mmeongea mistari, mimi niwaletee leso. Nyuma ya paneli zenu mnachora wanawake waliovaa kanga za maua matupu. Mnatupa bure mahali pazuri pa maandishi kuliko pote. Kibao cha duka kikisema jambo la ajabu, msomaji anajua mchoraji ndiye anayesema. Kanga ikisema, hakuna anayeshangaa, kanga kazi yake ni kusema.

Kanga ina pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani yale maneno ya kanga, kwenye kisanduku chake ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Kanga ikivaliwa kiunoni, jina linakaa nyuma. Kwa hiyo mwanamke anayempita mhusika na kuondoka ndiye anayesomeka. Anayekuja hasomeki. Nimeona katuni jina limeandikwa kifuani kama fulana ya mpira wa miguu. Msomaji wa pwani anacheka, ila anamcheka mchoraji.

Mikunjo inakula herufi. Chagua maneno 2 hadi 4. Panga mikunjo ipite kati ya maneno, isipite juu ya neno. Likiwa refu, acha mwanzo umezwe na mkunjo na mwisho ubaki, kwa sababu methali zetu msomaji anazimalizia mwenyewe kutoka upande wowote. Kwenye dhihaka ya sinema ya majasusi, wawili wananong'onezana siri ya bomu, mama anapita na kikapu, kanga yake: NIMESIKIA SISEMI. Yatosha.

Tamu zaidi ni kuigawa. Chukua sinema ya viumbe wa angani wanaoivamia dunia. Paneli ya kwanza chombo kinatua, nyuma mama ana kanga ya MGENI SIKU MBILI. Kurasa tatu mbele, viumbe bado wapo, wamekaa barazani wanakula mahamri. Mama yule yule, sasa kanga ni YA TATU MPE JEMBE, na ukitazama vizuri kiumbe mmoja ameshika jembe. Hukuandika kiputo hata kimoja.

Urefu wa herufi kwenye A4 ya asili usipungue milimita 2.5, zote kubwa, kama zilivyo kwenye kanga yenyewe. Ikipunguzwa utapata karibu 1.8. Chini ya hapo A na R zinaziba matumbo.

---

Jicho la Simu

Bi Pindo, hesabu yako ni ya karatasi. Wasomaji wengi watakiona kijitabu hiki kwenye simu.

Kioo cha simu ya kawaida kina upana wa kama milimita 68. A4 ina 210. Ukituma ukurasa mzima, unaonekana kwa asilimia 32 ya ukubwa wake. Herufi ya milimita 2.5 inakuwa 0.8. Haisomeki mpaka mtu avute kwa vidole, na mtu havuti asichojua kama kipo.

Dawa ni kukata paneli moja moja. Paneli ya nusu ukurasa yenye upana wa milimita 90 ikijaza kioo, inaonekana kwa asilimia 75, na ile herufi inakuwa karibu 1.9. Hiyo inasomeka. Kwa hiyo wakati wa kupanga ukurasa, acheni mfereji mweupe ulionyooka kati ya paneli, milimita 4 au 5, ili mkasi wa programu upite. Paneli zinazoingiliana au mkono unaotoka nje ya fremu ni mapambo mazuri kwenye karatasi, lakini kwenye simu mkono huo unakatwa.

Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600. A4 inakupa pikseli 4960 kwa 7016, na mstari wa 0.2 mm unapata pikseli karibu 5, unabaki mzima. Kisha punguza nakala ya simu wewe mwenyewe, usimwachie WhatsApp akupunguzie, maana kazi hiyo inafanywa kwa kubana na mistari ya nyuma ndiyo inayochafuka kwanza. Ukimtumia mtu wa kuchapa, tuma kama hati, si kama picha.

Jambo jingine: kwenye simu paneli zinashuka moja baada ya nyingine, hakuna ukurasa. Mzaha unaotegemea jicho kurudi juu na kulinganisha paneli ya 1 na ya 6 hauonekani. Ule wa kanga mbili utapona kwa sababu methali yenyewe inamkumbusha msomaji. Wa paka aliyesogea hatua mbili hauponi.

---

Fremu Kumi

> Wa paka aliyesogea hatua mbili hauponi.

Unapona ukiwa na hadithi. Tatizo la paka wengi kwenye katuni ni kwamba wapo tu. Mzaha unaojirudia unahitaji mwanzo, badiliko na mwisho, hata kama ni paneli 4 kati ya 40. Paka anaona samaki. Paka ana samaki. Samaki ana paka, kwa kuwa ni papa. Mwisho paka anauza mapezi sokoni. Paneli ambazo hayupo ni muhimu kama anazoonekana, akionekana kila mahali anakuwa ukuta.

Fanyeni karatasi ya kufuatilia. Mstari mmoja kwa kila paneli: namba, nani mbele, mzaha gani nyuma, upande gani, unatazama wapi. Kijitabu cha kurasa 8 chenye paneli 5 au 6 kila ukurasa ni mistari 40 hadi 48, ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Safu ya "upande gani" ndiyo watu wanairuka, na sinema ndizo zinazoadhibu hapo. Sinema wanapozungumza watu wawili, kamera inabadilishana: juu ya bega la huyu, juu ya bega la yule. Sinema nyingi huiweka kamera upande mmoja wa mstari unaopita kati yao, ili wa kushoto abaki kushoto. Lakini nyuma panabadilika kabisa. Nyuma ya nahodha kuna bahari, nyuma ya gavana kuna mji. Mchoraji anayemtaka paka wake kila paneli anamweka kwenye bahari na kwenye mji pia, msomaji anaona paka wawili.

Njia mbili. Ama upe kila upande mzaha wake, paka upande wa mji, na upande wa bahari jicho la jahazi. Majahazi ya Lamu yana jicho la duara ubavuni kwenye omo (sehemu ya mbele), litumieni! Nahodha akidanganya, jicho linatazama pembeni. Akianza kuimba, limefumba. Duara la milimita 6 na nukta ndani, linachorwa kwa sekunde mbili na linasomeka hata kwenye simu. Ama mfungeni paka kwenye alama, kwa mfano ngazi ya gati, na kila anapoonekana ngazi ionekane naye.

---

Mato Manne (Lamu)

Hilo la jicho nalichukua. Tahadhari moja: likibadilika kila paneli linakuwa mhusika, na mhusika anataka maneno. Mara tatu kwa kijitabu kizima inatosha.

---

Kona ya Wikio

Swali kwa wanaochora mji wenyewe. Sinema ni pana, mji wa Lamu ni mrefu. Fremu ya sinema pana ni 2.39 kwa 1, yaani paneli ya milimita 180 ina kimo cha 75. Vichochoro vyetu ni kuta mbili ndefu na mtu na punda wanapishana kwa kubanana. Ukichora kichochoro kwenye paneli pana, nusu ya paneli ni ukuta mtupu. Mzaha utakaa wapi?

---

Wino Mzito (Malindi)

Ndiyo maana mimi nachora Malindi, kuna barabara na tuktuk.

---

Fremu Kumi

Kona ya Wikio, usikilazimishe kichochoro kuwa kipana. Igawe hiyo paneli ya 180 iwe vipande 3 vya wima, kila kimoja milimita 57, na mifereji miwili ya karibu 4. Kwenye sinema mfukuzano ni kamera inakimbia, kwenye katuni ni vichochoro vitatu bega kwa bega: kwenye cha kwanza mwizi, cha pili askari, cha tatu mtu asiyehusika amebeba kitanda cha kamba na amefunga njia. Msomaji anaona tatizo kabla ya wakimbiaji. Huo si mzaha wa nyuma tena, umepanda cheo.

Kwa urefu, una ghorofa tatu za kutumia. Chini barazani, kwenye daka la nyumba, ndipo watu wanapokaa. Katikati kuna madirisha. Juu kuna wikio, kile chumba kinachovuka njia kutoka nyumba hii kwenda ile. Kiputo kiweke kwenye giza la chini ya wikio, tayari pana kivuli, hupotezi kitu. Dirishani pitisha mkono unaoshusha kikapu kwa kamba, kwenye kila kipande kikapu kiko chini zaidi, na kwenye kipande cha mwisho kimejaa vya mwizi.

Milango ya nakshi msiichore yote. Mlango wenye kimo cha milimita 30 ukiutia nakshi zote unatoka mweusi tii. Chora fremu, mfaa (ubao wa wima) wa katikati na maua matatu juu, jicho litajaza mengine. Bao vilevile. Lina mashimo 32, safu 4 za 8. Kwenye upana wa milimita 20 kila shimo linapata 2.5 pamoja na pengo lake, ikipunguzwa ni doa. Chora safu ya mbele na ya pili, nyingine zifunike kwa mkono wa mchezaji.

---

Bi Pindo

Na punda? Nimesoma uzi wote nangoja mtu awaseme punda.

Punda anayetembea nyuma Lamu si mzaha, ni Jumanne ya kawaida. Kila mchoraji anayetoka nje anamweka akidhani amechekesha. Punda anakuwa mzaha anapopewa kazi ambayo sinema iliipa mashine. Mfukuzano wa magari unageuka wa punda, sawa, lakini hapo ameshakuja mbele. Basi nyuma pageuke pia: kama mbele kuna vurugu, nyuma kuwe na utulivu wa kupindukia. Anayeuza viazi karai anahesabu chenji. Na punda mwingine, asiyefukuzana na mtu, amesimama anangoja wapite kama dereva kwenye makutano.

Akiwa mdogo, milimita 15 hivi, anatambulika kwa vitu vitatu: masikio marefu, pua nyeupe, na mstari mweusi wa mgongoni unaokutana na ule wa mabegani. Ukisahau pua unapata farasi mfupi.

---

Jicho la Simu

Ninachouliza mimi ni sinema yenyewe. Mkihamisha kila kitu Lamu, msomaji atajuaje ni sinema gani inadhihakiwa? Kuna katuni unasoma mpaka mwisho unafikiri ni tangazo la utalii.

---

Mato Manne (Lamu)

Hilo ndilo gumu kuliko yote humu. Nyuma pana kazi mbili zinazogombana: kusema "hii ni ile sinema" na kusema "hapa ni kwetu". Ukiipa moja paneli yote, nyingine inakufa.

Kaa na sinema, simamisha picha kwenye matukio kama 10 yanayokumbukwa na kila mtu. Kwa kila moja andika vitu vitatu: mwanga unatoka wapi, umbo la nguo ukilijaza weusi linaonekanaje, na kifaa gani hakikosekani. Hivyo vitatu usiviguse, vibebe kama vilivyo. Vingine vyote ni vyako.

Chukua sinema ya chombo cha angani. Mwanga unatoka chini usoni, mavazi ya rubani, na usukani. Ukuta wa vitufe nyuma yake unaondoka, badala yake chora zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba ya zamani, safu kwa safu. Kwa mbali umbo ni lile lile, visanduku vingi vilivyopangwa, msomaji anaona mitambo. Akisogea anaona bakuli za kauri, birika, na kwenye kidaka kimoja nyanya amelaza miwani yake. Hapo kazi mbili zimefanywa na ukuta mmoja. Mzaha wa aina hii ndio unaodumu, kwa sababu umbo la sinema na umbo la kwetu yamekutana. Nahodha akivaa kofia ya kiua wakati sinema yake haikuwa na kofia, haijakutana na kitu.

Na tusisahau ambaye hakuiona sinema. Mbele pamtosheleze yeye, hadithi ieleweke bila kujua asili yake. Marejeo ya kijanja yakae nyuma, asiyeyajua hakosi kitu.

---

Wino Mzito (Malindi)

Kwa Malindi nina moja ya namna hiyo. Sinema za kale za China zenye kasri na wapiganaji wenye panga. Twiga wa Malindi alifikishwa kwenye kasri la mfalme wa Ming mwaka 1415, historia hiyo. Basi kila paneli ya kasri, nyuma, shingo. Kichwa hakionekani kamwe, kinakatwa na ukingo wa juu. Mpaka mpiganaji aruke juu ya paa, kamera inapanda naye, na pale juu kichwa kinatafuna bendera.

Kinachofanya ifanye kazi ni kwamba ukingo wa paneli ndio unaoficha. Shingo iguse ukingo kabisa na kupita. Ikiacha hata milimita 2 za weupe, msomaji anaona twiga aliyekatwa kichwa. Na madoa ya shingo yawe mistari mitupu, msiyajaze weusi, ama shingo itampiku mfalme.

---

Kona ya Wikio

Mipaka je? Kuna vitu nyuma tusiguse?

---

Bi Pindo

Msikiti uwe mahali, usiwe mzaha. Mtu anayeswali hachorwi akifanywa kichekesho, wala mazishi, wala Maulidi. Duka la mtu halisi lisitajwe jina, buni jina. Sura ya jirani unayemjua usiitie nyuma, mji mdogo huu, atajiona kabla hujamaliza kugawa nakala.

Halafu mabango ya uchaguzi. Yanachekesha wiki tatu, baada ya hapo ukurasa unanuka uzee.

---

Kona ya Wikio

Nimeelewa. La mwisho ni la kuchapa. Nataka paneli moja kubwa ya kurasa mbili, gati nzima, watu 30. Niiweke wapi?

---

Jicho la Simu

4 na 5, hakuna kwingine. Kijitabu cha karatasi 2 kinapangwa hivi: karatasi ya nje, upande wa nje ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia, upande wa ndani 2 na 7. Karatasi ya ndani, upande wa nje 6 na 3, upande wa ndani 4 na 5. Ni 4 na 5 tu zinazotazamana zikiwa kwenye karatasi moja, upande mmoja. Ukiiweka picha kwenye 2 na 3, nusu zake zinachapwa kwenye karatasi mbili tofauti, ukikunja zinapishana milimita 1 au 2 na mlingoti wa jahazi unavunjika.

---

Wino Mzito (Malindi)

Na pini zitapita hapo hapo katikati. Ziweke sentimita 5 kutoka juu na 5 kutoka chini, uzitie alama kwenye rasimu kwa penseli ya buluu, na kwenye ukanda wa milimita 8 kila upande wa mkunjo chora maji, ukuta au anga. Nahodha msogeze ukurasa wa 5, paka ukurasa wa 4.